Nilianguka Nikifunika Mzigo, Akaandika Pombe

Nilipoamka hospitalini sikuomba maji, wala sikuuliza kama nitatembea tena. Nilimwomba Mungu amwangushe Msimamizi. Niliomba aanguke chali kutoka urefu uleule, na aanguke polepole ili apate nafasi ya kujua kinachomjia. Nimekuwa mtu wa kanisa tangu utotoni, na sijawahi kusali kwa bidii kama siku ile.

Naanzia hapo kwa sababu nimesoma simulizi za wagonjwa waliopona na wote ni wapole mno. Wanashukuru kila ukurasa. Mimi pia nashukuru, tutafika huko. Lakini kama wewe ni dereva wa lori, na sasa hivi umelala mahali ukitazama dari, na moyoni kuna mtu unayetaka kumnyonga, ujue hauko peke yako.

Naitwa Wafula. Babu yangu alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, baba akafanya kiwandani, na mimi nikaendesha treila ya bodi wazi, ile isiyo na kuta wala paa. Mzigo unapangwa juu, unaufunika kwa turubai, unaufunga kamba, unaondoka. Kwa miaka kumi na moja nilibeba chakula cha mifugo kutoka yadi moja ya hapa mjini kwenda kwa wafugaji wa Njoro na mashamba ya upande wa Longonot. Chakula hicho kikilowa kinaota ukungu, kwa hiyo gari halitoki getini bila turubai.

Katika yadi ile kulikuwa na jukwaa la chuma lenye magurudumu. Lilikuwa na ngazi, vizuizi vya kufika kiunoni, na mkanda wa kujifunga. Unalisukuma hadi ubavuni mwa lori, unapanda kama mtu anayekwenda ghorofa ya kwanza, unafunika mzigo wako, unashuka. Wenye kampuni walilinunua wenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Lakini lilikuwa moja na malori yalikuwa mengi, na Msimamizi wa yadi aliona linachelewesha foleni. Basi akalifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, akatia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni. Lilifunguliwa siku ya wakaguzi tu. Siku hiyo lilipanguswa vumbi, dereva mmoja akavishwa mkanda, picha zikapigwa. Wakaguzi wakishatoka getini, sisi tulirudi kuparamia kamba na magunia kama nyani.

Jina la Msimamizi sitaliandika. Analijua, na walio pale wanalijua.

Nisijifanye malaika. Dereva wa kwanza kulilia jukwaa lile hakuwa mimi, alikuwa Mzee Kamau, mtu wa makamo aliyekuwa na magoti mabovu. Alisema hapandi bila mkanda. Tulimcheka hadi machozi. "Mzee, unataka ubebwe mgongoni na ufungwe leso?" Mtu wa kwanza kusema maneno hayo nilikuwa mimi. Kamau alivumilia wiki mbili, kisha akaenda kutafuta kazi kwingine, na mgongo wake mpaka leo ni mzima.

Siku yangu ilikuwa mwezi wa nne, mvua ndefu zimeshika. Saa nane mchana Menengai ilikuwa imefunga, wingu jeusi limeukalia mlima, na anayeijua Nakuru anajua hapo una robo saa tu. Manyunyu yalikuwa yameshapita mara moja na magunia ya nailoni yalikuwa yakiteleza.

"Wafula! Funika, toka, wacha nafasi!" Msimamizi alipiga kelele kutoka mlangoni mwa ofisi.

"Boss, fungua jukwaa. Huko juu kumelowa."

"Jukwaa la nini? Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Ama unataka nikuje nikushike mkono?"

Wenzangu wakacheka. Nikakumbuka Mzee Kamau, nikapanda.

Kwa asiyejua, kufunika kunafanywa hivi. Unavuta turubai ukirudi kinyumenyume juu ya magunia. Macho yako yako mbele, na kisigino ndicho kinachotafuta mwisho wa mzigo. Nilikuwa nimefika katikati upepo ulipoingia chini ya turubai ukaliinua. Dereva mwenye akili huachilia hapo hapo. Lakini katika yadi zetu kuachilia turubai ni aibu kubwa. Likiruka likatua matopeni utachekwa mwezi mzima. Nimeona wanaume wazima wakiburutwa na turubai mikono imefunga ngumi, na nilikuwa nimewasifu. Kwa hiyo nilishika. Lilinivuta hatua mbili pembeni, kisha chini ya miguu yangu hakukuwa na gunia.

Kama utachukua neno moja tu kwangu, chukua hili: upepo ukishika turubai, achilia. Acha wacheke.

Sikusikia uchungu kwanza. Nilisikia mlio tu, kama kuni kavu inapovunjwa gotini, na nikajiuliza ni nini kimevunjika. Kisha nikaona miguu yangu imelala vibaya na sikuwa na habari nayo.

Hospitali kubwa ya mjini walinilaza chali wiki mbili nikingoja vyuma vya mgongo na zamu ya kupasuliwa. Wodi ilikuwa imejaa. Mtu akifa kitanda hakikupoa. Nilikuwa na mpira wa mkojo na mfuko ukining'inia kando ya kitanda, kila anayekuja kunisalimu anauona kabla ya kuniona mimi. Kulikuwa na sista mmoja mwenye mikono mizito aliyekuja kila baada ya saa mbili kunigeuza. "Mzee, geuka, chapati isiungue upande mmoja." Nilimchukia kwa wiki ya kwanza. Jirani yangu hakugeuzwa vya kutosha, maana zamu yake ilikuwa ya masista wengine, na alipata kidonda kiunoni ambacho ungeweza kutia ngumi ndani. Sista yule aliokoa ngozi yangu na sikuwahi kumwambia asante. Namwambia hapa.

Siku ya nne mke wangu alikuja saa ya kuona wagonjwa. Tunaitana Mama Brenda na Baba Brenda, kwa jina la binti yetu aliye sekondari. Alikuwa ametoka kazini kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akakunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Baba Brenda, kuna kitu wameniambia huko. Naweza kukuuliza?"

"Uliza."

"Ulikuwa umekunywa?"

Msimamizi alikuwa amemwonyesha kitabu cha ajali. Ndani aliandika kwamba dereva aliteleza akishuka kutoka kabini na kwamba alikuwa akinuka pombe. Hakuandika turubai. Hakuandika mvua. Jukwaa hakulitaja.

Sasa elewa kwa nini neno hilo liliniua kuliko anguko. Baba yangu alikufa kwa chang'aa. Alikufa mtaroni, mtaa wa Bondeni, mchana kweupe, watu wakimruka. Mimi niliapa kwenye kaburi lake nikiwa na miaka kumi na sita na sijawahi kuonja hata busaa ya arusi. Mama Brenda alinioa, nasema hivyo makusudi kwa sababu yeye ndiye aliyenichagua, kwa sababu ya kiapo hicho. Lakini watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kumbe hata aliyelala na mimi miaka kumi na minane alikuwa anangoja kuona kama nitauma.

"Hapana," nilimjibu. Nikafumba macho, maana kugeuka ukutani nilikuwa siwezi.

Kutoka siku ile sikumwambia maneno mengine ila ndiyo na hapana.

Baada ya upasuaji nilitolewa wodini mwezi wa sita, katika ile baridi ya Nakuru inayoingia mifupani, na mifupa yangu sasa ilikuwa na chuma cha kuikaribisha. Nilirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu nimevaa mkanda mgumu kutoka kwapani hadi nyonga. Miguu ilikuwa imekonda hadi magoti yakaonekana makubwa, kama ya ndama aliyezaliwa jana. Nilivaa pampasi. Nimeshaandika, sasa limepita. Mambo ya chumbani yalikufa, na hakuna daktari aliyeniuliza, na mimi sikuuliza. Nikwambie uulize. Uliza mapema na uulize mbele ya mkeo, kwa sababu yapo ya kufanya, nami nilipoteza miezi kwa aibu.

Mama Brenda alimwaga mfuko wa mkojo asubuhi na jioni. Alinisafisha. Alininyoa ndevu. Alishika kioo nitazame nyayo zangu kila siku kama hazijapata kidonda, maana mguu usiosikia hauwezi kukuita. Wakati mwingine alinihadithia habari za jirani, za kanisa, za Brenda shuleni.

"Unasikia, Baba Brenda?"

"Ndiyo."

"Nikuongezee chai?"

"Hapana."

Hasira yangu niliyoiona mimi ilikuwa ya Msimamizi. Nikiwa nimelala mchana nilimpangia. Nilimtakia mpira wa mkojo, na kuuweka kukosewe mara tatu. Nilimtakia daktari mwanafunzi. Nilimtakia siku saba bila choo kisha choo mbele ya mama mkwe. Kuna siku nilimtakia vyote kwa mpigo nikacheka peke yangu, na Mama Brenda akaingia mbio akidhani nimepata kifafa. Waliokuja kuniombea walisema nisamehe. Niliitikia amina nikiwa nimefumba jicho moja.

Dawa ya moto ni moto, na sitakudanganya: moto ule ndio ulioniinua. Kila Jumanne nilipelekwa kwenye mazoezi ya viungo. Benchi la kungojea lilikuwa refu, na mwanzoni tulifika saa moja asubuhi tukaitwa saa tano. Tatizo langu ni kwamba mkojo ulipokuja, mpira ukishatolewa, haukupiga hodi. Kulikuwa na mathe mmoja, mama wa makamo kutoka Njoro, aliyekuwa amepooza upande, mdomo umeenda kushoto. Aliniona nimelowa Jumanne ya pili. Jumanne iliyofuata nilikuta amekalia nafasi iliyo karibu kabisa na choo, ameweka kapu lake kwenye nafasi ya pili, na mtu akitaka kukaa anajifanya haelewi. Nilipofika akaliondoa kapu. Alifanya hivyo hadi alipomaliza matibabu yake, na jina lake sikulijua.

Mtu wa mazoezi alikuwa dada anayeitwa Chebet, mdogo kwa umbo lakini ana mikono ya fundi wa magari. "Wafula, huo mguu usukume. Kasirika na mguu, si na mimi." Nilipochoka alinipa fimbo za kushikilia na kuniuliza, "Unataka kutembea uende wapi?" Wengine walisema kanisani, au shambani. Mimi nilimwambia yadini. Hakuniuliza kwa nini. "Sawa. Kutoka barabarani hadi kwa hiyo ofisi ni hatua ngapi?" Nikamwambia mia mbili hivi. Wiki ile nilitembea nne.

Mwezi wa tisa jakaranda zilianza kutoa maua upande wa Milimani, tukiyapita kwenye teksi. Asubuhi moja Mama Brenda alijikwaa kwenye kiti changu akanimwagia chai ya moto pajani. Alipiga yowe. Mimi nikapiga yowe kubwa zaidi, kwa sababu iliniunguza. Nilihisi! Paja lililokuwa limekufa tangu mvua ndefu lilikuwa linawaka. Nililia kwa furaha mpaka kamasi zikanitoka, naye akapiga magoti akalia pamoja nami, amelishika lile paja kwa mikono miwili. Ile ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na maneno mdomoni.

"Imepona?" aliuliza.

"Ndiyo," nikasema, na nikatazama pembeni.

Kufikia mwezi wa kumi na moja, ngano ya Njoro ikivunwa na mvua fupi zikianza kutishia, nilikuwa naweza hatua mia mbili kwa magongo, nikipumzika mara tatu. Nilimwambia Mama Brenda tunakwenda yadini. Ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote tangu Aprili. Alivaa viatu bila kuuliza.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: Msimamizi afute lile neno kitabuni na akiri mbele ya Mama Brenda kwamba alidanganya.

Tulifika saa nane. Menengai ilikuwa imefunga. Otieno, dereva niliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa amepakia magunia na turubai lake limeshainuliwa juu na mashine. Aliponiona nikija getini na magongo, mke wangu nyuma yangu, alisimama mkono kwenye kamba. Madereva wengine waligeuka kunitazama.

"Otieno, panda! Mvua hiyo!" Msimamizi alitoka ofisini. Aliniona, akajikaza. "Aa, Wafula. Sasa. Ngoja kidogo, tuko na kazi."

Otieno aliachilia kamba. "Mimi sipandi. Fungua jukwaa."

"Tusianze hayo."

"Boss, angalia huyo mtu. Sipandi."

Wengine nao wakasogea nyuma, mikono mfukoni. Mtu mwenye busara angetoa ufunguo. Lakini alikuwa amesema kwa miaka kwamba ni kazi ya dakika kumi, na sasa macho ishirini yalikuwa yakimtazama. Alikunja mikono ya shati. "Nyinyi ni wanawake," akasema, na akaparamia mwenyewe na viatu vyake vya ofisi.

Alivuta turubai vizuri mwanzoni. Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani, ukaingia chini ya turubai. Akashikilia. Sisi tuliokuwa chini tulimwona akirudi hatua moja, ya pili, kisigino kikapapasa na kukosa. Nilikiona kile kisigino kikiwa hewani. Nilikuwa karibu kuliko wote, na kinywa changu kilikuwa kizima, na sikukifungua. Otieno ndiye aliyepiga kelele, "Lala chini!"

Akajitupa kifudifudi. Turubai likaruka likaenda matopeni. Yeye akabaki amekumbatia magunia, matone makubwa yakianza kumpiga mgongoni, na hakuweza kushuka. Kupanda ukiwa na hasira ni rahisi. Kushuka ukiwa na woga ni kitu kingine.

"Leteni jukwaa!" akapaza sauti.

"Ufunguo uko wapi?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa tulivu, niliipenda.

Aliutoa mfukoni kwa taabu akautupa. Ulianguka karibu na gongo langu. Kuinama siwezi, kwa hiyo Mama Brenda aliuokota akaniwekea mkononi.

"Kwanza nijibu," nikasema. "Siku ile nilikuwa nimekunywa?"

"Wafula, si saa ya hayo!"

"Mimi nina saa. Nimefundishwa kungoja."

Mvua ikazidi. Hakuna dereva aliyesogea. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye gunia na kope zake zilikuwa zikipepesa maji.

"Hapana," akasema.

"Sema wasikie."

"Hukuwa umekunywa! Uliomba jukwaa nikakataa! Niliogopa kufutwa kazi! Sasa nitoeni hapa, nina watoto!"

Ilikuwa tamu. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajakionja. Nilisimama pale nimefunga ufunguo ndani ya ngumi, nikitaka anyeshewe zaidi, nikitaka aseme tena, na nadhani ningesimama hadi jioni. Mama Brenda ndiye aliyeshika ngumi yangu, akafungua kidole kimoja kimoja, akautoa ufunguo, akampa Otieno.

"Mteremsheni," alisema. "Ni mtu wa watu."

Walipokuwa wakilisukuma jukwaa, alinigeukia. Nilingoja aseme samahani. Nilikuwa nimejiandaa kuipokea, polepole, kama mfalme.

"Umesikia mwenyewe," nikamwambia.

"Nimesikia. Mimi nilijua tangu Juni. Nilimwendea Otieno akaniambia kila kitu." Uso wake ulikuwa umelowa na sikujua ni mvua au ni nini. "Nilikuuliza swali moja, Baba Brenda, siku nne baada ya kuambiwa unaweza kufa. Moja tu. Nilitaka uniambie hapana na useme na mimi. Wewe ukaniadhibu tangu mvua ile hadi hii, nikiwa na mkojo wako mikononi. Huyu jamaa umemtesa dakika tano na akalia. Mimi je?"

Akajifunika leso kichwani, akaelekea getini.

Nyuma yangu nilisikia Msimamizi akishuka ngazi ya jukwaa akiguna, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili sikutaka kujua habari zake. Kutoka pale hadi barabarani kulikuwa na matope matupu na hapakuwa na ukuta wa kushika. Sikuwahi kutembea bila yeye kando. Nilitanguliza gongo la kulia, nikavuta mguu, nikatanguliza la kushoto.

"Mama Brenda," nikaita. Hakusimama. Lilikuwa jina la kila siku, lile ninalolitumia mbele za watu. Nikamwita kwa lake mwenyewe.

"Rispa! Nilikuwa nakuadhibu. Ni kweli. Nisamehe."

Madereva wote walisikia. Hakugeuka, lakini alipunguza mwendo.